Mazoezi Tiba Ndani ya Maji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kazi yangu ni fiziotherapia, na sehemu kubwa ya kazi hiyo naifanya nikiwa nimesimama kwenye maji ya kifuani, nimemshika mtu mkono. Maswali yaliyo hapa ni yale ninayoulizwa kila wiki na wagonjwa, na zaidi na ndugu wanaowaleta. Nimeyaacha kama wanavyoyauliza.

Mazoezi tiba ya majini ndiyo kuogelea?

Si lazima. Wagonjwa wangu wengi hawaogelei kabisa. Wanatembea, wanapiga hatua za ubavu, wanainua goti, wanasukuma maji kwa viganja, wanasimama kwa mguu mmoja, yote hayo miguu ikiwa chini. Kuogelea ni zoezi zuri kwa anayeliweza, lakini ni tawi moja tu la mti huu. Tofauti na kujiburudisha ufukweni ni kwamba hapa kila zoezi lina sababu yake: kiungo fulani, idadi fulani, kina fulani, na mtu anayeangalia unavyolifanya.

Mimi sijui kuogelea na maji nayaogopa. Nifanyeje?

Mwambie mtaalamu wako kabla hujavua viatu. Hakuna aibu hapo, maana wengi tuliozaliwa hatua chache kutoka baharini tulikatazwa utotoni kuikaribia. Siku ya kwanza unaweza kukaa ukingoni na kuchezesha miguu tu. Siku ya pili unashuka ngazi hadi kiunoni huku umeshika bomba la ngazi. Mwili ulioogopa hukakamaa, na msuli uliokakamaa haufaidiki na chochote, kwa hiyo hizo siku mbili za kuzoea ni sehemu ya tiba yenyewe. Mtaalamu anayekuvuta kwa nguvu au anayekucheka, mwache utafute mwingine.

Maji yana kitu gani ambacho nchi kavu haina?

Kwanza yanakubeba. Maji yakimfika kiunoni mtu wa kilo 80, miguu yake inabeba kama nusu tu ya uzito huo. Yakifika kifuani, inabeba kama theluthi. Yakifika shingoni, ni kama kilo 8 tu zinazobaki juu ya nyayo. Ndiyo sababu mama ambaye nyumbani hawezi kupanda kibaraza bila kushika ukuta, majini anatembea akizungumza. Maji ya chumvi hubeba zaidi kidogo kuliko maji yasiyo na chumvi.

Pili, yanakupinga kwa kadiri yako. Ukisukuma mkono polepole, husikii kitu. Ukiongeza kasi mara mbili, upinzani unaongezeka kama mara nne. Ukisimama, nao unasimama. Hakuna chuma cha kukuangukia wala mpira wa kukurudishia mkono kwa kishindo. Kwa mtu anayetoka kwenye operesheni ya bega, hilo ni jambo kubwa: yeye mwenyewe ndiye anayepanga uzito wa zoezi, hatua kwa hatua, kwa kasi anayoichagua.

Tatu, yanakubana pande zote, na kadiri unavyoshuka ndivyo yanavyobana zaidi. Miguu iliyovimba hupungua kwa sababu hiyo. Lakini kubanwa huko pia kunasukuma damu kutoka miguuni kwenda kifuani, takriban mililita 700 ukizama hadi shingoni, na moyo unalazimika kuipokea. Figo nazo huongeza mkojo. Kwa hiyo nenda haja kabla ya kuingia, na kama moyo wako una tatizo, soma kwa makini jibu la mbele kuhusu wasiopaswa kuingia.

Mwisho ni joto. Maji hupeleka au kunyonya joto la mwili haraka kuliko hewa, takriban mara 25. Maji ya uvuguvugu hulegeza msuli ndani ya dakika chache, na maji ya baridi huukaza kwa haraka hiyo hiyo.

Je, hii ni tiba mpya?

Watu wameoga kwenye chemchemi kwa ajili ya viungo tangu kale. Lakini mazoezi yenye mpango yalipata nguvu karne iliyopita, na polio ndiyo iliyoyasukuma. Franklin Roosevelt, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alipooza miguu mwaka 1921 akiwa na miaka 39. Mwaka 1924 alifika Warm Springs, jimbo la Georgia, Marekani, ambako maji hutoka ardhini yakiwa na nyuzijoto kama 31, na mwaka 1926 akapanunua mahali pale pakawa kituo cha wagonjwa wa polio. Nalipenda tukio hili kwa sababu linasema kweli pande zote mbili. Majini aliweza kusimama na kutembea kuliko popote pengine. Nje ya maji hakutembea tena bila vyuma vya miguuni na mtu wa kumshika, mpaka alipofariki mahali hapo hapo mwaka 1945. Maji hayakumrudishia mishipa ya fahamu iliyokufa. Anayekuahidi kwamba yatafufua kilichokufa anakudanganya.

Mwingine wa kumjua ni James McMillan, mhandisi, si daktari. Mwaka 1949 huko London alianza kuwafundisha kuogelea wasichana wenye ulemavu wa shule iliyoitwa Halliwick. Hakuwafunga maboya. Kila mtoto alikuwa na mtu wake mmoja wa kumshika, na alijifunza kutawala mwili wake mwenyewe: kupumua, kuzunguka, kuelea, kurudi kusimama. Njia hiyo bado inatumika, na mimi naitumia.

Magoti yangu yamesagika. Maji yatanirudishia gegedu?

Hapana. Gegedu, yaani kile kifuniko laini cha ncha za mifupa ndani ya kiungo, likilika halirudi kwa maji, wala kwa supu ya kongoro. Kinachobadilika ni msuli wa mbele ya paja, ambao ndio unaolishika goti, na uwezo wako wa kulikunja bila kuugulia. Mwaka 2016 wataalamu wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima matokeo ya majaribio ya tiba, walipitia majaribio 13 yenye watu 1,190 waliosagika magoti au nyonga. Waliofanya mazoezi majini walipata nafuu ya maumivu na ya utendaji, ndogo, na kwa muda mfupi baada ya mazoezi. Ndogo haimaanishi bure. Kwa mtu aliyeacha kwenda sokoni kwa sababu ya goti, nafuu hiyo ndiyo inayompa ujasiri wa kuanza mazoezi ya nchi kavu, na hayo ndiyo yanayoendeleza faida.

Anza hivi, maji yakiwa kifuani. Tembea mbele dakika tano, kisigino kikitangulia, tumbo limekazwa. Rudi kinyumenyume dakika mbili. Nenda ubavu, kushoto na kulia. Shika ukingo, kaa nusu kama unayekalia kibao cha mbuzi kisha ukaghairi, mara kumi. Simama kwa mguu mmoja ukihesabu hadi kumi. Wiki ya tatu au ya nne sogea kwenye maji ya kiunoni, goti lianze kubeba zaidi. Kosa ninaloliona kila mara ni mtu kubaki kwenye maji ya shingo miezi sita kwa sababu hayaumi.

Kama unaogelea, epuka mtindo wa chura mpaka goti litulie, maana teke lake hulipinda goti kwa pembeni. Kuogelea chali ni salama zaidi.

Mama yangu alipata kiharusi, upande wa kulia umelegea. Tumpeleke majini?

Inawezekana, na kwa wengine inafaa sana, lakini si wiki ya kwanza wala bila daktari wake kukubali. Presha iwe imetulia kwa dawa. Awe anaweza kumeza bila kupaliwa na kueleza kwamba anasikia vibaya, hata kwa ishara. Awe amekwishaanza kukaa mwenyewe kitandani bila kuanguka.

Siku hiyo mnahitaji watu wawili, si mmoja. Mmoja yuko majini kabla yake, mwingine anamshusha. Ashuke kwa ngazi zenye bomba la kushika, upande wenye nguvu ukishika bomba. Anayemshika majini asimame upande uliolegea, kwa sababu huko ndiko atakakoangukia. Mkono uliolegea usivutwe hata kidogo. Bega la mtu wa kiharusi huchomoka kirahisi, na nimeona mabega yaliyoharibiwa na ndugu waliokuwa wakisaidia kwa mapenzi yote. Mshike kiunoni au kwenye mbavu.

Kisha mwacheni ahisi. Mtu aliyekaa miezi miwili akigeuzwa kama gunia, akisimama majini kwa miguu yake miwili, mara nyingi hulia. Msimharakishe. Kazi ya siku hiyo ni kusimama, kuhamisha uzito kulia na kushoto, na hatua tano. Majini akiyumba anaanguka polepole, kwa hiyo anapata nafasi ya kujirekebisha mwenyewe. Ubongo unajifunza usawa kwa kujirekebisha, na nchi kavu nafasi hiyo haipo kwa sababu huwa tunamdaka mapema.

Hatari kubwa ni wakati wa kutoka. Mwili unarudishiwa uzito wake wote kwa mara moja, na presha inaweza kushuka. Akae kwenye ngazi maji yakiwa kiunoni dakika mbili tatu, kisha ukingoni dakika nyingine, kisha ndipo kiti. Taulo na kiti viwe tayari kabla hajaingia.

Nilivunjika paja kwa ajali ya bodaboda, nikawekewa chuma. Hakitashika kutu?

Hakitashika. Vyuma hivyo ni vya madini yasiyoshika kutu, na vimo ndani ya nyama ambako maji ya bwawa hayafiki. Cha kungoja ni ngozi. Mshono uwe umefunga kabisa, hauna kigaga, hautoi majimaji. Daktari aliyekufanyia operesheni ndiye anayesema mguu uanze kubeba uzito kiasi gani, nasi tunachagua kina cha maji kufuatana na neno lake. Akisema nusu ya uzito, tunaanzia kifuani na kushuka hadi kiunoni. Mwenye vyuma vya nje vilivyotoboa ngozi asiingie bwawani wala baharini mpaka daktari huyo aruhusu, kwani kila tundu ni mlango wa vijidudu.

Mwanangu ana mtindio wa ubongo. Je, atafaidika?

Ndiyo, hasa mtoto ambaye misuli yake inakaza. Maji ya uvuguvugu huilegeza, na mtoto ambaye hawezi kutambaa sakafuni anaweza kugeuka majini kwa nguvu zake mwenyewe. Mkabili uso kwa uso, masikio yenu yakiwa usawa mmoja, na umfundishe kwanza kupuliza maji anapoguswa mdomoni, ili asiyameze. Usimfunge boya la shingoni. Linamzuia kutumia shingo na kichwa, ambavyo ndivyo tunavyotaka avitawale. Dakika 15 hadi 20 zinatosha, na akianza kutetemeka mtoe hata kama anacheka.

Kwa mtoto mwenye kifafa, na hata mtu mzima, sharti ni moja: degedege liwe limedhibitiwa kwa dawa, daktari ameruhusu, na mtu wa kumtazama yuko umbali wa mkono, hafanyi kitu kingine. Simu ibaki ndani ya mkoba.

Nina mimba ya miezi saba, miguu imevimba.

Maji ya kifuani ni rafiki yako. Tembea taratibu, mara mbili au tatu kwa wiki, na utaona viatu vinaingia tena jioni. Usiingie kwenye maji ya moto. Usiingie kabisa kama umetokwa na damu, chupa imepasuka, au mkunga amekukataza mazoezi. Uvimbe wa ghafla wa uso na mikono pamoja na kichwa kuuma si wa bwawani. Huo ni wa kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Nani asiingie kabisa?

Mwenye homa, anayeharisha, mwenye kidonda wazi au ugonjwa wa ngozi unaoambukiza. Mwenye moyo ulioshindwa kazi na hajatulia, anayepumua kwa shida akilala chali. Mwenye presha iliyopanda sana isiyodhibitiwa. Mwenye damu iliyoganda mguuni na bado hajaanza tiba.

Wengine wanaingia kwa tahadhari. Mwenye kisukari avae viatu vya mpira hata majini, akague nyayo baada ya hapo, na awe na soda au glukosi ukingoni, maana sukari hushuka wakati wa mazoezi. Mwenye pumu aweke pampu yake karibu. Mwenye mpira wa mkojo aulize hospitalini kwanza.

Maji yawe na joto gani, na bahari inafaa?

Bwawa la tiba huwa na nyuzijoto 33 hadi 35. Bwawa la waogeleaji wa mashindano huwa kati ya 25 na 28, na kwa mgonjwa anayesogea polepole hilo ni baridi. Sasa angalia bahari yetu. Dar es Salaam, Unguja na Mombasa, mwezi wa Machi maji hufika nyuzijoto 29 au 30. Wakati wa kusi, Julai na Agosti, hushuka hadi 25 au 26. Hatuna mabwawa mengi ya tiba, lakini mwishoni mwa kaskazi tuna bahari inayolikaribia bwawa la tiba, bure. Nasikitika tunavyoipita kila siku na mtu wetu yuko ndani amelala.

Bahari ina masharti yake. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka kwa kama mita nne, na yanapotoka yana mkondo unaovuta. Chagua siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu, na uingie yanapojaa, si yanapokupwa. Tafuta mchanga mtupu usio na mwamba, vaa viatu vya mpira kwa ajili ya miiba, na buruta nyayo badala ya kuzinyanyua ili samaki aitwaye taa, mwenye mwiba mkiani, aliyejifukia mchangani akimbie. Ukiona yavuyavu, wale viumbe laini wanaoelea na kuwasha ngozi, tokeni. Muulize mvuvi wa hapo kabla ya kuingia. Yeye anajua shimo liko wapi. Mgonjwa asiingie peke yake hata siku moja, na mawimbi yakimpita magoti kwa kishindo, leo hakuna mazoezi.

Sisi tuko Mwanza. Ziwa je?

Siwezi kukushauri uingie. Pwani ya Ziwa Victoria ina konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho, na vijidudu hivyo hupenya ngozi ndani ya dakika chache za kusimama majini, jambo ambalo ndilo hasa zoezi letu. Ziwa Tanganyika na Nyasa nako kuna sehemu za hivyo. Ongeza mamba na viboko. Tafuta bwawa la hoteli au la shule, muombe mwenye nalo saa moja asubuhi ambayo halina watu. Wengi hukubali wakielezwa ni mgonjwa. Ukiwa umekwisha kuingia ziwani, nenda kapime kichocho. Dawa yake ipo na inatibu.

Na chemchemi za maji moto?

Zinatofautiana mno. Chemka, karibu na Moshi, licha ya jina lake, maji yake hayachemki wala si ya moto. Bogoria, Kenya, yanatoka karibu na kuchemka, na watu huchemshia mayai. Kitagata, magharibi mwa Uganda, watu huenda kwa nia ya kupona. Mimi nasema hivi: maji yanayozidi nyuzijoto 40 hushusha presha na kuleta kizunguzungu, na mwenye ganzi ya miguu anaweza kuungua bila kujua. Kukaa humo kunalegeza, lakini hakujengi msuli.

Nitajuaje bwawa ni safi?

Simama ukingoni, utazame sakafu ya upande wa kina. Kama huioni vizuri, ondoka. Harufu kali inayochoma macho haimaanishi klorini nyingi na usafi. Mara nyingi ni klorini iliyokwisha kuungana na mkojo na jasho. Uliza wanapima mara ngapi. Klorini iwe kati ya sehemu 1 na 3 kwa milioni, na pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi ya maji, kati ya 7.2 na 7.8. Anayelitunza bwawa vizuri atakuonyesha daftari lake kwa furaha.

Mimi ni mwanamke ninayejisitiri. Nivae nini?

Suruali ya kubana na shati la mikono mirefu vya kitambaa kisichonyonya maji, pamoja na kofia ya kuogelea au mtandio mfupi uliobanwa. Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi kamili ya kusitiri, kwa hiyo stara haizuii. Usiingie na buibui, dera wala kanga. Vikilowa ni vizito na vinafunga miguu, na mgonjwa wa kiharusi akifungwa miguu na kanga anaenda chini. Omba saa ya wanawake na mtaalamu wa kike. Ni haki yako kuomba.

Mara ngapi kwa wiki, na maumivu kiasi gani ni sawa?

Mara mbili au tatu. Anza na dakika 20, fika 40 baada ya mwezi mmoja hivi. Jipe wiki sita hadi nane kabla ya kuamua kwamba haifai. Uchovu wa misuli jioni ni wa kawaida. Maumivu ya kiungo yanayozidi saa mbili baada ya kutoka, au yaliyopo bado asubuhi, yanasema ulizidisha, kwa hiyo punguza. Kunywa maji hata kama hujahisi jasho, kwa sababu unatoka jasho huko huko ndani bila kuliona. Anayefunga Ramadhani afanye baada ya kufuturu au apumzike mwezi huo.

Yanatosha peke yake?

Hapana. Mifupa huimarika kwa kubeba uzito, na maji ndiyo yanayouondoa uzito huo. Mzee mwenye mifupa dhaifu anahitaji kutembea ardhini pia. Tangu siku ya kwanza namwandikia mgonjwa zoezi moja la nyumbani, hata kama ni kuinuka kwenye kiti mara tano.

Hatuna bwawa wala bahari. Kuna linalowezekana?

Kwa mkono, ndiyo. Beseni la maji ya uvuguvugu, kitambaa ndani yake, kikunje na kukikamua dakika kumi. Kwa goti na mgongo, fanya mazoezi ya nchi kavu na usijilaumu.

Nina miaka 61. Naweza kujifunza kuogelea kweli?

Unaweza, na usianzie kwenye mikono na miguu. Anza na pumzi: uso majini, toa hewa yote kwa pua, inua, vuta. Mara ishirini. Kisha jifunze kuelea chali mtu akikushika mgongoni kwa kiganja kimoja, masikio yakiwa ndani ya maji. Kisha jifunze kusimama kutoka hapo, zoezi ambalo waalimu wengi huliruka: vuta magoti kifuani, peleka kidevu mbele, zungusha viganja kutoka nyuma kwenda mbele kama unayechota, na nyayo zitashuka zenyewe. Ukifanya hivyo mara kumi bila kushikwa, kwenye maji ya kiunoni, mwambie mwalimu wako akufundishe teke la kwanza.